Kidole cha Pili cha Mguu wa Kushoto

Daktari Nakatsuru aliitundika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa, akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Shuji Eto, bingwa mara tano wa marathoni ya viti vya magurudumu, alidhani anatafuta miwani yake.

"Ndugu Eto," daktari akasema, "kidole hiki cha pili kimevunjika mara tano."

"Mara ngapi?"

"Tano. Na si siku moja. Mvunjiko huu una miaka minane hivi. Huu hapa ni wa mwaka jana. Kwani unacheza mpira?"

Shuji akacheka. Tangu avunjike shingo akiwa na miaka kumi na tisa, miguu yake ilikuwa mizigo ya kubebwa tu. Ungeweza kuipiga pasi ya moto asijue. Jumatano hiyo alikuja kwa ajili ya uvimbe mdogo wa unyayo, akitaka uishe kabla ya Jumapili, siku ya mbio zake za kuaga. "Umechanganya mafaili, daktari. Huo si mguu wangu."

Daktari akaweka kidole kwenye jina lililoandikwa pembeni ya picha. Kisha akauliza, taratibu, kama anayegusa kidonda: "Siku za mashindano, huwa kichwa kinakugonga? Jasho usoni, vinyweleo vinasimama?"

Shuji akapigwa na butwaa. Waliovunjika shingo wanaijua dalili hiyo vizuri kuliko namba zao za simu. Chini huko kunauma, wewe huna habari, lakini mwili una habari: presha inapanda, kichwa kinagonga, uso unalowa. Ukiona hivyo unakagua mfuko wa mkojo, unakagua kama soksi imejikunja, tena haraka, kwa sababu presha hiyo inaua. Nyumbani Shuji alikagua kila mara. Kwenye mbio hakukagua hata siku moja. Alidhani ni moto wa mashindano. Aliwahi hata kuueleza kwenye televisheni, mjinga yule, jinsi hamu ya ushindi inavyompanda kichwani pale mstari wa kuanzia.

"Wako wanaojiumiza makusudi," daktari akasema, "presha ipande, wapate kasi. Ni marufuku, na wengine hupasuka mishipa ya kichwa. Ulikuwa unajua?"

"Najua wapo. Lakini mimi? Vidole vyangu havishiki hata vijiti vya kulia! Siwezi kujivua kiatu!"

"Basi nani anakufunga kwenye kiti?"

Shuji aliomba ile picha itiwe kwenye bahasha, akaondoka nayo. Njia nzima ya kurudi alihesabu. Miaka minane iliyopita, ushindi wa kwanza. Mwaka jana, wa tano. Na kwa miaka yote hiyo, baada ya maofisa kumpima presha, mtu mmoja tu ndiye aliyepiga magoti na kumfunga mikanda ya miguu: kaka yake, Iwao.

Iwao alikuwa na duka la baiskeli mjini Beppu, kwenye uchochoro ambao mvuke wa chemchemi za maji moto hutoka mitaroni mchana kutwa. Ndiye aliyekuwa akiendesha pikipiki siku ile ya ajali iliyomvunja Shuji shingo. Yeye alichubuka kiwiko tu.

"Umechelewa," akasema bila kuinua macho, ananyoosha spoku za gurudumu. "Glavu zako nimeshazipaka gundi, zishike magurudumu."

Shuji akaisukuma picha mezani kwa viganja. Iwao akaitazama. Hakuuliza ni nini, na hapo ndipo Shuji alipohisi roho inamtoka. Alikuwa amejiaminisha kwamba kaka yake atauliza.

"Ulikivunja kwa kutumia nini?"

Iwao akatupa jicho ukutani. Koleo la kubania lenye mpini mwekundu. Wiki iliyopita walikuwa wamefungulia nalo chupa ya achari ya plamu, wakacheka kwa jinsi kifuniko kilivyokuwa kigumu.

"Mwaka wa kwanza ilikuwa bahati mbaya," Iwao akasema. "Chuma cha mkanda kilikibana kidole. Nilikuja kukiona jioni, nikivua soksi. Lakini ulikuwa umeshinda, Shuji. Ulilia kwa furaha. Sikuwa nimekuona na furaha tangu ile pikipiki."

"Na zile nne?"

"Zile nne nilibana mimi."

"Ningekufa, kaka!"

"Nilikufuata na baiskeli njia nzima, nikikuangalia uso."

"Ungeangalia uso wa maiti, mpumbavu wewe!"

Iwao akashuka sakafuni, akaweka paji la uso kwenye saruji yenye grisi kuomba msamaha. Shuji alimtazama mgongo wake mpana.

"Jumapili utanifunga tena," akasema. "Peku. Bila soksi, hadharani, na daktari Nakatsuru amesimama hapo hapo. Nataka kuijua kasi yangu."

Jumapili kulikuwa na baridi, na watu walishangaa kuona bingwa yuko peku. Iwao alifunga mikanda. Daktari akakagua kidole baada ya kidole.

Mbio zilipoanza, kichwa hakikugonga. Uso ulikuwa mkavu. Kilomita ya thelathini, pale alipozoea kuwatoka wenzake, wenzake ndio waliomtoka. Alisukuma hadi mabega yakawaka, nao wakazidi kuwa wadogo mbele yake, na Shuji akainua kichwa akaanza kutafuta kitu kando ya barabara. Alipotambua anatafuta nini, alishtuka kuliko alivyoshtuka Jumatano.

Iwao alimkuta amejikunja juu ya kiti, nyuma ya mstari wa kumalizia. "Dakika saba nyuma. Wa tisa," akasema. "Pole, mdogo wangu."

"Kilomita ya thelathini nilikutafuta."

"Nilikuwepo. Ng'ambo ya barabara."

"Sikukuona. Ningekuona, ningekuita uje unibane."

Shuji aliichomoa kwa viganja bahasha ya eksirei iliyokuwa kifuani, ndani ya jezi, imelowa jasho la kawaida.

"Nisukume mpaka meza ya waamuzi," akasema. "Upesi, kaka, kabla sijabadili nia."