Alama za Mzee Lemburis

Jumanne saa nne asubuhi muuguzi Ludovick alimpima presha Mzee Lemburis, akahesabu pumzi zake, kisha akamuuliza leo ni siku gani. Mzee alikuwa amegongwa na pikipiki akivusha mbuzi kule Nduruma. Kiswahili cha mnadani alikijua, ila maumivu yalikifukuza, akajibu kwa Kimaasai kwamba leo ni Jumanne na tumbo linamuua. Ludovick akaandika kwenye fomu: maneno yasiyoeleweka. Akajumlisha alama, na kitanda kikaanza kwenda.

Ndivyo vilivyokuwa vitanda vya majeruhi pale hospitalini. Mwenye alama nyingi kitanda kilimpeleka chenyewe chumba cha upasuaji. Mwenye alama chache kilimpeleka polepole mlango wa nyuma, unaotazamana na chumba cha maiti. Wafagizi walikwishazoea kuvipisha.

Nashipae, binti wa mzee, alikidaka kitanda kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa kushuku; hata maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe aliyaonja kwanza.

"Kaka, baba amekujibu vizuri tu. Mimi nimemwelewa."

"Fomu inampima mgonjwa, dada. Ndugu haimhusu."

Kitanda kikamburuta hadi mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa nyuma. Hapo alikuta vitanda vitano vimejipanga, na waliolala juu yavyo wanapiga soga: malisho yamekauka, binti wa fulani kaposwa Lemara. Watatu walisema Kimaasai, wawili Kimeru. Hakuna aliyechanganyikiwa. Nashipae akawatazama mmoja mmoja.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hapa uji hakupewa, na aliulizwa siku.

Akamwinamia babake. "Baba, sema Jumanne. Kwa Kiswahili."

"Kwani huyo kijana hajui?"

"Anajua. Wewe sema tu."

Nashipae akamwita Ludovick apime tena, naye akaja akilalamika kwamba chai yake inapoa. Mzee akasema "Jumanne" kwa uchungu, kama anayeuza mbuzi asiyetaka kumuuza. Kitanda kikageuka kikaenda mbio. Saa sita mchana walimtoa bandama iliyopasuka, akapona.

Alhamisi Nashipae alimweleza Dokta Sadoki, mkuu wa kitengo, yote aliyoyaona. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akakiri kwamba vitanda vina matatizo ya muda mrefu. Ijumaa asubuhi fundi alikuja akapaka mafuta magurudumu yote.

Mchana, Nashipae akitoka wodini kumpa babake uji, akapita bibi mmoja aliyeanguka kutoka kwenye lori la mahindi. Kitanda chake hakikutoa sauti yoyote. Nashipae alikishika reli, akakivuta kwa nguvu zake zote, nacho hakikusimama.

"Koko, bibi yangu, sema Ijumaa."

Bibi akamtazama kwa upole, akamuuliza kwa Kimaasai yeye ni mtoto wa nani. Nashipae alimtajia baba yake, na babu, na ukoo, akitembea kando yake mpaka mlango wa nyuma ukafunguka.