Kubatizwa kwa Ajili ya Wageni

Mama Mchungaji alikuwa akimenya viazi vya chakula cha wageni pale mumewe alipoingia jikoni akisuasua. Akachukua kikombe, akakirudisha, kisha akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mama naye yumo leo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye ubatizo."

Kisu kikasimama. Mama huyo ni mama mzazi wa Mama Mchungaji, mwanamke aliyebatizwa kabla mchungaji mwenyewe hajazaliwa.

Kila mwaka timu ya misheni ilikuja kutoka ng'ambo na fulana za njano, kamera na bashasha tele, kulitegemeza kanisa hili na kupanda mengine mitaa ya jirani. Na kila mwaka ilitaka kubatiza. Sasa mtaa una watu walewale: waliookoka wameokoka, waliokataa wamekataa. Mchungaji, ambaye hajui kumwambia mgeni hapana, akaanza kuwaomba waumini wake wazame tena, wageni wasiondoke wamevunjika moyo. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshazamishwa mpaka watoto wakambandika jina la Samaki. Watu walicheka. Mama Mchungaji naye alicheka, na leo kicheko hicho kilimtokea puani.

Maana mama yake hakubatizwa kwa mchezo. Alikuwa msichana, akaenda bila ruhusa ya baba yake, akarudi nywele zikichuruzika maji na kukuta nguo zake zimetupwa nje ya mlango. Hakukanyaga tena nyumba ile, hata siku ya kumzika baba yake. Leo wanataka aingie majini kana kwamba yale hayakutokea.

"Yeye mwenyewe amesema sawa," mchungaji alijitetea.

"Mama yangu ukimwomba ini lake atasema sawa! Ndiyo ulitoe? Huna hata haya?"

"Taratibu, wageni watasikia."

"Wasikie!"

Akaliacha sinia la viazi pale pale, akatoka na kisu mkononi. Kwa bahati alikumbuka kukiweka juu ya ndoo.

Nyuma ya kanisa, ambalo zamani lilikuwa ghala la saruji, tangi la plastiki lilikuwa limejazwa maji mpaka shingoni. Kwaya ilikuwa ikiimba. Kijana wa kamera alikuwa amepanda juu ya kiti. Kwenye foleni, nyuma ya Samaki, alisimama bibi mmoja mdogo wa mwili ndani ya joho jeupe lililomfunika mpaka vidole. Mama Mchungaji alipomwona, hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Akampita mama yake, akampita Samaki, akaenda moja kwa moja kwa kiongozi wa timu, mzee wa mvi aliyekuwa akija miaka mingi na kukijua Kiswahili vizuri.

"Huyu mama ameshabatizwa," akasema, sauti juu. "Na huyu. Na yule. Wote hawa! Mnawazamisha watu walewale kila mwaka. Tumewadanganya."

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mchungaji, aliyekuwa ameshafika akihema, akashika kichwa. Mkewe alimkazia macho mzee, akingoja ashtuke, afoke, aombe radhi, chochote. Mzee akamsogelea na kuteremsha sauti.

"Najua, dada."

"Unajua?"

"Tangu zamani. Samaki nimembatiza mwenyewe kwa mikono hii, ningemsahauje? Lakini makanisa yanayotutuma yanataka kuona watu wakiingia majini. Wasipoona, hawatutumi tena. Wala hakuna anayeumia."

Mama Mchungaji alikuwa amejiandaa kupigana na watu waliodanganywa. Hawa walikuwa wamekaa pande zote mbili za uongo mmoja, wakipeana tabasamu na chai mwaka baada ya mwaka. Alitamani kulipindua lile tangi.

Lakini mama yake naye alikuwa amesikia. Bibi alitoka kwenye foleni, akalivua joho, akabaki na gauni lake la kila siku.

"Nilidhani hamjui," alimwambia mzee. "Nikasema, hawa watu wametoka mbali, hawajui, acha niwafurahishe. Kumbe unajua. Mimi kwa maji haya nilipoteza baba, mwanangu. Unasema hakuna anayeumia?"

Mzee akainamisha kichwa.

Bibi akamtundikia joho begani. "Maji yako tayari. Ingia wewe."

Hakuna aliyecheka, hata Samaki. Mzee alilitazama joho, akayatazama maji, kijana wa kamera akashuka kitini. Mchungaji akafungua mdomo kutaka kupoza mambo, na mkewe akamshika mkono kwa nguvu.

"Nyamaza," akamwambia. "Mgeni anafikiria."