Kibao Namba Thelathini na Moja

Ninyi mnaokuja Ushuaia, bandari ya kusini kabisa mwa Ajentina, kutafuta kazi kwenye meli za Antaktika, hasa mama atakayepanda meli moja na mtoto wake, lisomeni hili mpaka mwisho. Msije mkasema hamkuambiwa. Kampuni inataka ninyamaze, ndiyo maana naandika.

Kwenye meli yetu kulikuwa na bodi mlangoni, mlango ule wa ubavuni wa kushukia kwenye boti za mpira. Bodi ilikuwa na vibao vidogo vyenye namba, kila mtu na chake, upande mmoja mwekundu, wa pili kijani. Ukishuka kwenda kwa pengwini unageuza chako kiwe chekundu. Ukirudi, kijani. Bodi ikiwa kijani yote, nanga inapanda. Hakuna anayehesabu vichwa tena.

Mimi nilikuwa chumba cha viatu, hatua nne kutoka kwenye bodi. Kila aliyerudi alininyooshea mguu, nikasugua kinyesi cha pengwini, kile chekundu kwa uduvi wanaowala, kisha akatumbukiza buti kwenye beseni la dawa. Za wageni na za wafanyakazi zote zilipita mikononi mwangu, nikazitundika kwenye misumari kwa namba zake.

Namba thelathini na moja alikuwa binti yangu, Maitén, mwongoza wageni. Ana miaka ishirini na sita na haogopi kitu. Mimi ndiye niliyeogopa kwa niaba yake. Barafu anaijua vizuri, ila kibao alikuwa anakisahau. Mara mbili alirudi akapitiliza jikoni kunywa chai ya yerba na wapishi, kibao kikabaki chekundu, meli nzima ikamtafuta. Kiongozi wa msafara, Iturbe, akamwambia mbele yetu sote, "Mara ya tatu, mrembo, utabaki Ushuaia ukiwauzia watalii pengwini wa pamba."

Basi nikaanza kumgeuzia. Nikimwona anakaribia, nachomoka, nageuza, narudi kwenye brashi yangu. Safari tatu nilifanya hivyo. Mwenyewe hakujua. Iturbe alidhani msichana kapata akili.

Siku hiyo tulikuwa kwenye ghuba nyembamba, theluji laini, mtu anazama mpaka magotini. Ukizama unaacha tobo, na pengwini akitumbukia humo hatoki, atakufa amesimama. Kwa hiyo kila tobo lifukiwe kabla ya kuondoka. Wageni husahau. Maitén, hilo hasahau.

Saa kumi jioni mlima wa barafu ukaanza kuelea kuelekea mdomo wa ghuba. Nahodha akaita watu wote. Boti zikaja moja baada ya nyingine. Nikachungulia, nikaona ndani ya mojawapo kofia ya sufu ya zambarau yenye vishada viwili, niliyoifuma mwenyewe. Moyo ukatulia. Nikageuza thelathini na moja.

Nilisugua jozi kama hamsini bila kuinua kichwa. Boti ya mwisho ikapandishwa, mnyororo wa nanga ukaanza kukwaruza. Ndipo bibi mmoja, mgeni, akarudi kwangu akiwa ameshavaa ndala, akaniwekea ile kofia mkononi.

"Mpe msichana wako. Masikio yalikuwa yananiganda, akanivika yake. Mwambie Mungu ambariki."

Nikatazama ukutani. Msumari wa thelathini na moja ulikuwa mtupu.

Nilimkuta Iturbe mlangoni na Gaspar, mwendesha boti, wakifunga kamba.

"Iturbe, simamisha meli. Maitén yuko nchi kavu."

Hata hakugeuka. "Si leo, Bi Nélida. Tazama bodi. Kijani tupu."

"Bodi ni ya uongo."

"Juzi ulisema kaanguka majini, tukamkuta anacheza karata. Wiki iliyopita uliniita kwenye redio kuniuliza kama kavaa glavu. Ningekuwa na mama wawili kama wewe, meli hii isingetoka bandarini."

"Kibao chake nimekigeuza mimi."

Hapo akageuka. "Umefanya nini?"

"Kwa mkono huu. Utanifukuza baadaye."

Akamwita Maitén kwenye redio. Redio ya Maitén ikaitika palepale, miguuni petu, ndani ya sanduku la vifaa lililotoka kwenye boti ya Gaspar. Iturbe akashusha pumzi, akacheka.

"Unaona? Vitu vyake viko hapa. Kalala chumbani."

"Buti zake haziko."

"Labda kapita bila kuzisafisha."

"Mwanangu apite na mavi ya pengwini mbele yangu? Iturbe, unanijua kweli wewe?"

Sauti ya nahodha ikatoka kwenye kipaza: fungeni mlango, barafu inakuja. Iturbe akasema tutasogea nje ya ghuba kwanza, tutamtafuta vyumbani, asipoonekana tutarudi. Nikatazama ule mdomo wa ghuba. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya meli moja tu. Tukitoka, barafu ingeziba nyuma yetu, na hakuna boti ambayo ingepita mpaka upepo ugeuke, leo au keshokutwa.

Meli ile haiendi mlango wa ubavuni ukiwa wazi. Taa inawaka huko juu kwa nahodha, injini zinagoma. Nilikuwa najua. Nikakaa kizingitini, miguu ikaning'inia juu ya maji, nikaikumbatia nguzo ya chuma.

"Haya, funga. Ukate na miguu."

"Bi Nélida, toka hapo!"

"Sitoki."

"Humu kuna watu mia mbili!"

"Mia mbili kasoro mmoja."

"Msugua viatu utamwamrisha nahodha?"

"Leo, ndiyo." Kisha nikamgeukia mwendesha boti. "Gaspar, nitazame. Ulimpakia?"

Gaspar akaiachia kamba. "Hapana. Alinipa sanduku, akasema anamalizia kufukia matobo. Nilijua atakuja na boti ya Iturbe."

Iturbe akabadilika rangi. "Mimi niliona kijani. Nikajua kaja na wewe."

Mnaona? Kingekuwa chekundu, wangeulizana. Kijani changu ndicho kilichowaziba midomo.

Iturbe akaongea na nahodha. Nikasikia jibu: dakika kumi na tano, si zaidi. Gaspar alikuwa ameshaishusha boti.

Nilikaa palepale. Chuma kile kiliuma mikono kama moto. Boti ikapotea nyuma ya mabonge ya barafu, na upepo ukaniletea harufu ya pengwini na kelele zao, maelfu yao, wasiojali lolote. Iturbe alishika mkanda wa aproni yangu nisiteleze. Dakika kumi na tano zikapita. Nahodha akafoka kwenye kipaza, "Fungeni!" Iturbe akanitazama, nami nikamtazama. Hakugusa kitufe cha kufungia mlango.

Halafu boti ikatokea, Gaspar kwenye injini, Maitén mbele anasukuma barafu kwa kasia, kichwa wazi, masikio mekundu, koleo kati ya magoti. Waliingia, mlango ukafungwa, na ile meli ikapenya kwenye nafasi iliyobaki huku barafu ikikwangua ubavu wake.

"Mbona mna sura za msiba?" Maitén akasema. "Nilibakiza matobo mawili tu."

Kisha akaiona bodi.

"Nani kageuza changu?"

"Mimi," nikasema. "Safari ya nne hii."

Akakaa kwenye benchi ya viatu.

"Mama, nilipanda juu ya mwamba nikaona nanga inapanda. Unajua nilijiambia nini? Hawawezi kuondoka, kibao changu ni chekundu. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kule."

Nikamwambia anyooshe mguu, nikasugua.

Tulipofika Ushuaia, ofisini waliniwekea karatasi. Iliandikwa kwamba redio iliharibika na hakuna mtu aliyeachwa. "Saini hapa, Bi Nélida, kazi yako iko palepale." Nikachukua kalamu yao, nikakata mistari yote, nikaandika chini yake: Aliachwa. Kibao nilikigeuza mimi. Kazi ikaishia hapo. Sijuti, na karatasi kama ile wakiileta tena nitaikata tena.

Maitén kaondoka tena Novemba hii. Nilitaka kumkataza, akaniambia nimkataze barafu kwanza. Asubuhi ya safari nilikuwa namkaangia mayai mawili. Nikanyoosha mkono kugeuza la kwake, akaninyang'anya mwiko.

"La kwangu nageuza mwenyewe."

"Linaungua, mwanangu."

"Liungue, Mama. Nitalila hivyohivyo."

Nikarudi nyuma, nikaifunga mikono yangu kwenye aproni, nikasimama nikilitazama.