Mboko Mlangoni kwa Mwila

Saa za mchana, watu wa Kamina walipokwenda kula na kujinyoosha, Amédée Kitwa alibaki peke yake ndani ya makumbusho, viatu amevua, akitembea pekupeku kati ya vitu vya wazee. Mabati yalikuwa yakilia juu kwa joto. Mwanga ulipenya kwenye mapazia ya matete na kulala sakafuni vipande vipande, na kila kitu mle ndani, vigoda vya machifu, pinde, vikapu, vinyago, kilionekana kama kimezama chini ya mto na maji yamesimama juu yake.

Alikuwa ndiye mkuu wa nyumba ile. Bwana Gaston, mzee wa Kizungu aliyeianzisha, aliugua akarudishwa kwao Ulaya, na halmashauri ya makumbusho kule Élisabethville ikamweka Amédée mahali pake: asimamie utafiti, asimamie vitu vilivyohifadhiwa, awasimamie na wahifadhi watatu waliovitunza. Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Watu wa Kamina hawakuwa wamewahi kumwona mtu mweusi kwenye kiti cha namna hiyo, na wiki za mwanzo walipita makusudi barabarani wamchungulie dirishani, kama vile naye amewekwa pale atazamwe.

Asubuhi alikuwa mkuu. Alitoa amri, alipokea wageni. Lakini mchana, katika ule ukimya, hakuwa mkuu wa chochote. Aliketi kwenye mkeka na macho yake yakawa mazito, wala hajalala wala hayuko macho. Harufu ya mawese ya zamani ilimzunguka. Wakati mwingine ilimjia kwamba vile vitu vinapumua, pole pole, kama watu waliochoka kwa safari. Hakuogopa. Alipumua navyo.

Kimoja alikipenda kuliko vingine. Kilikuwa sanamu ya mwanamke aliyeketi, miguu ameinyoosha mbele, mikononi amepakata bakuli. Waluba huiita mboko. Mikono ya wanawake wengi, ambao wote walikwisha kufa, iliipaka mafuta hata yakaingia ndani kabisa ya mti, na siku za joto yalitoka tena mabegani, matone madogo yanayong'aa. Kila asubuhi Kanku, mhifadhi wa vitu vya miti, mtu wa Kasai mwenye mikono mipole na uso mkali, aliyafuta kwa kitambaa cha pamba.

"Inalia tena," Amédée alimwambia siku moja.

"Hailie, Shefu. Njo mafuta tu."

Amédée alijua habari nyingi za mboko. Alijua mti wake, alijua vijiji ilikotoka, aliweza kumweleza mgeni kwa Kifaransa mpaka mgeni achoke. Ila hakuwahi kuiona mahali pake, mlangoni kwa mtu. Alichukuliwa mdogo akapelekwa kusoma kwa mapadri, na mama yake akafa yeye hayupo. Mara moja, katika usingizi ule wa mchana, aliona sanamu imenyoosha bakuli kwake bila kusema neno. Alitaka kutia kitu, lakini mikono yake ilikuwa imejaa funguo.

Mchana mmoja mlango uligongwa. Alikuwa mama mmoja wa makamo, miguu myekundu kwa vumbi la njia ya Luena, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa heshima kama cha kwenda misa.

"Wafwako, Tata," alisalimia kwa Kiluba. "Njo weye mukubwa ya hii nyumba?"

"Njo minyi, Mama. Ingia, ukae."

Alikataa kiti, akaketi chini. Alisema jina lake ni Ndaya. Akatazama huku na huku, bila mshangao wowote, kama mtu aliyefika kwa ndugu na anaangalia nani yupo na nani ametoka.

"Minakuja juu ya mutoto yangu, Mwila," alisema. "Iko na mimba. Zile za mbele zote zilipotea. Hii inakaribia kufika, lakini hana nguvu, hakule, hasemi. Na bantu banaogopa kupita kwetu. Banasema nyumba yetu iko na mukosi."

"Pole, Mama."

"Zamani, muke kama yeye, tulikuwa tunamuwekea mboko ku mulango. Muntu anapita, anaona, anajua: humu mu nyumba kuko muke anachoka. Anaweka unga. Anaweka samaki. Anasalimia. Sasa ku kijiji kyetu hapana tena mboko. Zote zilienda."

"Zilienda wapi?" Amédée aliuliza, ingawa alijua.

Ndaya aliigeukia ile sanamu karibu na dirisha, akacheka kidogo, bila ubaya.

"Si zilikuja huku?" Kisha akasema, "Minakuomba unipatie ile. Mutoto akishazaliwa, minarudisha. Minyi mwenyewe."

Amédée aliinuka akaenda kwenye mtungi. Alimpa maji, akamwomba angoje barazani mpaka wenzake watoke kula.

Wahifadhi waliporudi aliwaambia neno lililomleta Ndaya. Wawili walitazama chini. Kanku ndiye aliyesema.

"Shefu, kintu kikiingia mu nyumba hii hakitoke. Njo sheria, na weye ulitufundisha. Kule iko mvua, iko mchwa, iko moto ya kupika. Ikipasuka, ule fundi aliyeichonga tutamutafuta wapi? Mu kaburi?"

"Unasema kweli."

"Tena iko neno ingine." Kanku alishusha sauti. "Bazungu banatuangalia. Banangoja weye ukosee kidogo tu, baseme: si tulisema bale hawawezi? Shefu, si weye peke yako utaanguka."

Hilo lilimchoma Amédée, maana lilikuwa kweli tupu. Alikwenda akasimama mbele ya mboko. Tone la mafuta lilikuwa limetoka begani na kuteremka mpaka kwenye ukingo wa bakuli, na bakuli lenyewe lilikuwa tupu, safi, limefutwa. Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kuliona na kitu ndani. Alifikiri: tumekitunza chombo cha kuombea, tukakizuia kuomba.

"Itaenda," alisema. "Na weye, Kanku, utaenda nayo. Utakaa karibu nayo mpaka irudi."

"Minyi? Muntu ya Kasai, nikae ku mulango ya Baluba banichekelee?"

"Minyi sina mwengine wa kuamini."

Kanku alikunja kitambaa chake cha pamba. Akaenda kuchukua blanketi.

Walifika kijijini jua likiwa bado kali. Sanamu ilikuja kwenye mkokoteni, imefungwa kama mgonjwa, Kanku akiushika upande mmoja na Amédée upande wa pili. Nyumba ya Ndaya ilikuwa pembeni kidogo, na majani yalikuwa yameota katika njia iendayo mlangoni, njia isiyokanyagwa. Ndani, kwenye mkeka, alilala Mwila, macho wazi, uso umeelekea ukutani. Hakugeuka walipomsalimia.

Ndaya aliiketisha mboko chini ya upenu, mbele ya mlango. Akatia bakulini kipande cha chokaa nyeupe ya baraka, iitwayo mpemba, akaketi kando na kuanza kuchambua mboga, kama vile hakuna lolote jipya duniani.

Kwa muda mrefu hakuna aliyekuja. Watu walipita mbali, wakatazama, wakaendelea. Kanku alikuwa ameweka kigoda chake upande wa pili, kitambaa cha pamba magotini, mwenye aibu na hasira. Kisha bibi mmoja aliyebeba kikapu cha mihogo alisimama barabarani. Alisimama sana. Akaiacha barabara, akaja katikati ya yale majani, akapiga magoti na kuweka muhogo mmoja bakulini.

"Mwila," aliita kuelekea mlangoni. "Mama, uko muzima?"

Halafu, kutoka ndani, sauti nyembamba kama ya mtu aliyeamka:

"Niko, Mama. Aksanti."

Amédée aligeuka akatazama mashamba, maana macho yake yalikuwa yamejaa.

Siku zilizofuata ziliyeyuka moja ndani ya nyingine. Alimaliza kazi za asubuhi mjini kisha akapanda baiskeli kwenda kijijini, na kila mara aliikuta njia ya mlangoni ni pana zaidi. Wake wa watu wa reli walikuja na sukari. Mchuuzi aliyetoka Bukama alikuja na samaki wakavu, akaacha wawili na kusimulia kwa nguvu habari za mto ili Mwila asikie. Bakuli lilijaa, Ndaya akalitoa akapika, likajaa tena. Mwila sasa aliketi karibu na kizingiti, mgongo ukutani, akila kidogo kidogo na kuuliza, "Huyu ni nani? Na yule?" Wanawake waliipaka sanamu mawese kila walipokuja, na kila aliyepaka alikuwa na habari ya kusema: hivi ndivyo bibi yake alivyofanya, hivi ndivyo walivyoimba. Amédée aliketi kati yao akisikiliza, kichwa kimeegemea nguzo, sauti zao zikipanda na kushuka, na mara nyingine hakujua tena kama anasimuliwa au anaota. Kwa Kifaransa chake chote, hakuwahi kujua kwamba mboko husalimiwa.

Alasiri moja alimkuta Kanku anatia chumvi bakulini, anapangusa vidole, anatazama kama kuna aliyemwona.

"Na kitambaa?" Amédée aliuliza.

"Nilimupatia Mama Ndaya afungie mutoto akizaliwa," Kanku alisema, akakunja uso. "Ni pamba muzuri. Itapotea bure?"

Mvua ilikuja siku hiyohiyo. Kwanza upepo, mwekundu, umebeba mchanga na majani, ukaung'oa upenu kwa mkupuo mmoja. Kanku alijitupa juu ya sanamu na kuikumbatia, lakini boriti ilikuwa imekwisha kuanguka. Ilimpiga mkono, ikapiga na ukingo wa bakuli. Waliiingiza ndani mbio, na mle ndani wakamkuta Mwila ameshika ukuta kwa mikono miwili, amefumba macho, na Ndaya anawafukuza wanaume watoke. Kwa hiyo walitoka nayo wakasimama kwenye mvua, Amédée na Kanku, sanamu katikati yao chini ya blanketi lililolowa. Kanku alipapasa bakuli kwa kidole mpaka akaufikia ufa.

"Imepasuka, Shefu," alisema.

Wakati huo mtoto alilia ndani. Alikuwa msichana, mdogo sana, lakini sauti yake ilishinda ile ya mvua.

Ndaya aliirudisha mboko mwenyewe, kama alivyoahidi, kichwani mwake, akitembea njia yote pamoja na wanawake wengine wakiimba. Siku chache baadaye Bwana Marc, mjumbe wa halmashauri, alishuka kwenye treni kutoka Élisabethville kwa ukaguzi wake wa kila mwaka. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani minene, aliyezipenda sanamu kwelikweli. Alipita chumbani taratibu, na alipofika dirishani alisimama.

"Nani alifanya hii?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno.

"Minyi, Bwana," Kanku alisema kabla mtu hajapumua, mkono wake bado umefungwa. "Niliangusha nikipanguza."

Amédée alimtazama. Mtu yule aliyemkataza kwa kila sababu alikuwa anajitia shimoni badala yake.

"Hapana," Amédée alisema. "Kanku alikatala. Minyi njo nilituma ipelekwe kwa muke mwenye mimba, ikae ku mulango wake. Ilipasuka kule. Kanku aliumia akiichunga."

Bwana Marc alivua miwani, akaipangusa muda mrefu.

"Amédée, kule halmashauri watu walikataa jina lako. Mimi nilikusemea. Unajua?"

"Minajua, Bwana."

"Na utafanya tena?"

Nje treni ilipiga filimbi. Amédée alifikiria jibu linaloweza kumwokoa, akaliona lilivyo, jepesi, liko karibu tu.

"Mama akikuja kuomba," alisema, "nitafanya."

Halmashauri ilimvua ukuu kabla ya majira ya mvua kwisha. Kiti alipewa Kanku, kwa kuwa ndiye aliyekataza sanamu isitoke, naye siku ya kwanza alikataa kukikalia, akafanya kazi yake yote amesimama kama askari, mpaka Amédée alipomsukuma kwa mabega.

"Kaa, Shefu. Kinauma mugongo, lakini utazoea."

"Usiniite vile."

"Nikuite nani basi?"

Kanku aliketi kwenye ukingo tu. Akakohoa. Halafu, kwa ule uso wake mkali, akatoa amri ya kwanza. Nyumba ile, alisema, ina mtafiti anayejua mti wa kila kitu lakini salamu zake hazijui. Basi mtafiti huyo aende mtoni, Bukama mpaka Malemba-Nkulu, akae na wamama, asirudi upesi.

Kwa hiyo Amédée Kitwa aliiacha Kamina akashuka mpaka mto Lualaba. Watu wa mjini walimhurumia, walisema ameanguka. Yeye alipoulizwa alicheka, maana hakuwa amepanda juu kiasi cha kuumia. Mchana mmoja, mbele ya Bukama, mashua iliingia katika mafunjo, ikapunguza mwendo, na bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya magunia akaanza kumweleza habari za nyanya yake, mchongaji wa bakuli, mwanamke mkali aliyezungumza na miti kabla ya kuikata. Maji yaling'aa pande zote. Kichwa cha Amédée kiliinama, kikainuka, kikainama tena.

"Analala huyu!" bibi alisema, na abiria wakacheka.

"Silali, Mama," alijibu, macho yamefumba. "Endelea. Aliuambia nini ule muti?"