Uzee Kwanza

Pikipiki ilipoiacha lami na kuingia njia ya Ugalla, Gaudensia alianza kusali kimoyomoyo. Aliomba apate ujasiri wa kusema kwamba amekosea, kisha Rafaeli akubali kuuza sehemu ya mizinga yake ya nyuki kabla ya Ijumaa.

Ijumaa usajili wa chuo ulikuwa unafungwa. Lusia, binti wa Rafaeli, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu wa hesabu Mbeya, lakini mkopo wa serikali ulikuja nusu. Nusu ya pili haikuwa na pa kutoka.

Gaudensia alikuwa akifundisha familia mambo ya akiba katika ukumbi wa parokia mjini Mpanda, Jumapili baada ya misa ya pili. Alifundisha habari za ada ya chuo na maisha ya uzeeni. Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa hili: mtoto anaweza kukopa akasoma, lakini mzee hakuna wa kumkopesha ili ale. "Uzee kwanza," alikuwa akisema, nao waliitikia kama wanavyoitikia sala. Rafaeli aliitikia kwa sauti kuliko wote. Akija mjini kuuza asali, alibaki mpaka somo liishe, madumu yake matupu yakiwa miguuni.

Alipofika, Gaudensia alimkuta Lidia, mke wa Rafaeli, anamenya karanga uani.

"Karibu, Mwalimu. Mwanafunzi wako yumo ndani anavaa shati. Siku hizi anaongea kama redio. Nikimwambia chumvi imeisha, ananijibu, mama Lusia, tuwaze uzee."

Rafaeli alitoka akicheka. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Kisha Gaudensia akasema, "Baba Lusia, nimekuja kwa ajili ya mtoto. Mtendaji wa kijiji alitakiwa aandike kwamba huna uwezo wa kumsomesha. Aliandika?"

"Alitaka kuandika, nikamkatalia. Ofisi ilikuwa imejaa watu, Mwalimu. Mimi, Mkonongo mrina asali, niandikwe sina uwezo, na mizinga yangu imetundikwa kuanzia mtoni mpaka kule msitu unakoishia? Nikamwambia, andika mizinga yote. Akaandika yote."

"Ningekuwepo ningekuziba mdomo," alisema Lidia.

"Wangenicheka mpaka kaburini. Nyie mnaona ni karatasi tu."

Gaudensia aliona kosa ni lake pia. Alikuwa amewaonyesha namna ya kujaza maombi ya mkopo, mstari kwa mstari. Hakuwahi kuuliza ni nani kati yao angeweza kusimama mbele ya majirani zake akaitwa asiye na uwezo.

"Basi tuuze," alisema. "Nimeongea na Nashon, yule anayenunua asali mjini. Atachukua mizinga ya njia moja ya msituni pamoja na miti inamotundikwa, ile ya ng'ambo ya mto. Hela anatoa kesho."

Rafaeli aliacha kutabasamu. "Ile ni njia aliyoniachia baba. Mzinga nitachonga mwingine, lakini ukishauza njia huirudii. Miti ile yote inakuwa ya Nashon. Na magoti haya hayanifikishi tena kwenye miti mipya." Aliyapiga kwa kiganja. "Huo ndio uzee wangu. Si wewe mwenyewe ulisema? Uzee kwanza, mtoto atakopa."

"Nilisema. Nilikosea, Baba Lusia. Unisamehe."

"Ulikosea lini? Jumapili iliyopita umesema tena."

Lusia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na beseni la nguo. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Donatille yuko wapi siku hizi?"

Donatille alikuwa binti wa Gaudensia. Yeye na Lusia walisoma sekondari moja.

"Yuko Dodoma. Mwaka wa pili."

"Alipata mkopo?"

Gaudensia aliona uongo uko karibu kabisa, mwepesi wa kusema. Akamwomba Mungu auondoe.

"Hakupata," alisema. "Niliuza kiwanja changu. Kile nilichokuwa nimekiweka nijenge nikistaafu."

Lidia aliweka ungo chini. Rafaeli alimtazama mgeni wake kama mtu aliyeonja asali akakuta ni sukari.

"Na kila Jumapili unatuitikisha," alisema.

"Niliona aibu. Mwalimu wa akiba asiye na akiba, nani angemsikiliza?"

"Mimi ningekusikiliza!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Ungeniambia hilo mwezi wa saba, wakati wa kurina asali, ningeuza taratibu. Ningechagua njia fupi, ya karibu, na bei ningeitaja mimi. Leo unataka niitupe njia ya baba yangu kwa siku mbili. Hapana. Lusia atangoja mwaka."

"Mwaka!" alisema Lidia. "Kina Enoka wameshakuja kuposa mara mbili. Huo mwaka atauona?"

"Ndiyo, baba, nitangoja," alisema Lusia, akapita na beseni lake kuelekea kwenye kamba ya nguo.

Lidia alimpa mgeni chupa ya asali, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa ameleta huzuni. Gaudensia aliipokea kwa mikono miwili. Mwendo kidogo mbele, palipokuwa na mtandao, alimsimamisha dereva akampigia Nashon, akamwambia biashara imekufa.

"Mzee kagoma? Haya, hela naipeleka Inyonga, kuna mtu anauza," alisema Nashon.

Wingu lilikuwa limeshuka upande wa mto. Dereva aliwasha pikipiki, akamhimiza apande. Gaudensia alipanda, akajaribu kusali, lakini sala ilikwama mwanzoni kabisa. Alimwona tena Lusia akianika nguo, mgongo wake umewageukia.

"Geuza," alimwambia dereva.

"Mama, mvua hiyo! Umesahau nini?"

"Nimemwomba radhi baba mtu. Mwenye chuo chake sijamwomba."