Ubeti wa Kutuliza Upepo

Dhoruba ya theluji ilipoufunika mji wa Gimli, huko Kanada, mchana ule, Ketill alikuwa mbali juu ya Ziwa Winnipeg lililoganda, na farasi wake na sleji ya kuteleza barafuni, akivua samaki kupitia tundu kwenye barafu. Mkewe, Steinvör, alimwendea baba mkwe wake, mzee Ásbjörn, aliyekuwa amekaa karibu na jiko, akamwomba atunge ubeti wa kutuliza upepo.

Ukoo wa mzee ulisemekana kuja na kipaji hicho kutoka Aisilandi. Meli iliyowaleta ilipokaribia kuzama, mama yake Ásbjörn alitunga ubeti mmoja tu, bahari ikalala. Ndivyo walivyosimulia.

Mzee alikataa. Ubeti wa namna hiyo husemwa mara moja tu, bila kukwama. Ukikwama, humgeukia aliyetajwa ndani yake. Naye tangu apooze upande mmoja wa uso, hakuna sentensi iliyomtoka ikiwa nzima.

"Unataka nimuue mwanangu kwa mdomo huu?"

"Basi nitatunga mimi."

"Wewe? Kiaisilandi chako ni cha kununulia mkate."

"Nipe nusu, baba. Nusu nyingine nitamalizia."

Hilo hakuweza kulikataa; kwao, anayeombwa nusu hutoa. Alitoa mistari miwili kwa shida, bila kumtaja mtu: upepo wa kaskazini umetembea mbali, na upumzike mlangoni petu. Steinvör alisimama akishika meza, akapanga na kupangua maneno mpaka sauti zikashikana inavyotakiwa. Kisha akausema ubeti wote, pamoja na jina la Ketill, bila kuteleza.

"Ubeti umesimama," mzee akasema.

Wakasikiliza. Upepo haukupungua.

Steinvör alivaa koti, akaenda ukingoni mwa ziwa, akausema ubeti ule kwa kelele kuelekea kwenye barafu, tena na tena. Sharti la mara moja lilikuwa limeshavunjika, lakini aliyepotea huweza kufuata sauti. Ásbjörn alimfuata kwa mkongojo. Naye akapaza sauti, akikwama kila mstari, hata kwenye jina la mwanawe.

Giza likikaribia, farasi wa Ketill alitokea peke yake. Steinvör alizipapasa kamba za kukokotea sleji. Zilikatwa kwa kisu.

"Alikuwa hai alipozikata," alisema.

Alama za kwato zilikuwa zikifukiwa na theluji huku wakizitazama. Steinvör alianza tena mstari wa kwanza, sauti ikamkauka katikati. Ásbjörn akaupokea.