Vumbi la Chupa ya Baba

Baba yangu, Kaitano, fundi wa suti pale Vuga, mjini Unguja, aliamini kwamba kitu chochote ukikiweka kinakuwa kizuri. Achari yake ya ndimu haikuliwa mpaka iwe nyeusi. Mimi, Piedade, binti yake wa pekee, pia niliwekwa.

Chupa aliipata mwaka 1951 kwa baharia wa Kimarekani aliyemshonea koti. Ndani mlikuwa na burboni, wiski yao ya mahindi. Karatasi ya nje ilikuwa imeloa maji ya bahari. Jina la kiwanda halisomeki, wala mji. Baharia mwenyewe alikiri kwamba bado changa. Baba akaipandisha juu ya kabati, chini ya picha ya Bikira Maria.

Mwaka uleule Agnelo, mpiga fidla wa harusi zetu sisi Magoa, Wakatoliki wa asili ya Goa kule India, akaja kuniposa. Baba hakukataa, na afadhali angekataa. Alinyoosha kidole kabatini.

"Siku ntakayoifungua hiyo, ndiyo siku ya posa yenu. Iacheni ikomae, na nyinyi mkomae."

Bi Kidawa, aliyenilea tangu mama alipofariki na aliyetuzoesha Kiswahili hadi mezani, alifuta kabati lile kila wiki. Aligusa vitu vyote isipokuwa chupa, maana pombe kwake haramu. Kitambaa kiliizunguka tu. Vumbi likapanda mwaka hadi mwaka. Baba akilitazama, akatabasamu, akaona ukongwe unaingia. Mimi nilitamani kuivunja.

Ikapita miaka sita. Agnelo akapata kazi ya kufundisha muziki Mombasa, na meli yake ilikuwa mwisho wa mwezi. Kanisani kwetu ndoa lazima itangazwe Jumapili tatu, na Jumapili zilizobaki zilikuwa hizo tatu tu. Nikamwita nyumbani, nikasimama mbele ya Baba.

"Baba, ukiifungua leo, naolewa. Usipoifungua, Agnelo anakwenda peke yake, na mimi nabaki hapa nakushonea vifungo mpaka nife."

Akaishusha. Aliipangusa vumbi kwa leso yake ya kanisani, polepole, akamimina katika bilauri tatu ndogo. Agnelo alionja, akainamisha macho. Baba akaonja, akakohoa, akaonja tena. Mimi nilikunywa yangu yote. Iliniunguza koo, ikaacha ladha ya mbao mbichi na mahindi yaliyoungua, kisha basi.

"Bado changa," Baba akasema kwa sauti ndogo. "Labda tungengoja kidogo..."

"Haikui, mzee," Agnelo akasema. "Wiski inakua ndani ya pipa. Ikishatiwa chupani, imesimama hapohapo."

"Nani kakwambia?"

"Wapishi wa hotelini, nilipokuwa napiga fidla kule."

"Lini?" nikauliza mimi.

Akajikuna shingo. "Mwaka hamsini na mbili."

"Na ukanyamaza!"

"Ntamsahihishaje mzee wangu, Piedade?"

Hasira zilinipanda hadi masikio yakavuma. Mmoja alingoja kwa kutojua, mwingine kwa adabu, na mimi katikati yao nimeingia mwaka wa thelathini na moja. Chupa haikuzeeka hata siku moja. Miaka yote ile nimezeeka mimi.

Baba alichukua kizibo akitaka kukirudisha, kisha akakiweka mezani kando ya chupa. Nadhani ndipo alipoelewa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Nilimhurumia, na sikutaka kumhurumia. Nikachukua mtandio wangu.

"Unakwenda wapi?" Agnelo akauliza.

"Kwa padri."

Akainuka nusu, akamtazama Baba, akanitazama mimi. "Nije?"

"Iulize chupa," nikamwambia, nikashuka ngazi.

Nilikuwa nshafika njiani niliposikia viatu vyake vikikimbia nyuma yangu. Sikugeuka, ila nilipunguza mwendo.